Nywele za Ifemelu, mikono ya Aisha

Riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, Americanah (2013), wengi wanaisifu kwa ajili ya nywele, na wana haki. Ifemelu, Mnigeria, anatia dawa ya kulainisha apate kazi Marekani. Inamchoma, nywele zinakatika, mpaka Wambui, rafiki yake wa Kenya, anamkata. Kurasa hizo zina nguvu kweli.

Lakini tuangalie ile saluni ya Trenton. Aisha, msukaji kutoka Senegali, anasuka masaa na masaa, na sisi tunaonyeshwa zaidi ugonjwa wa ngozi yake na hamu yake ya kuolewa. Kwetu Mpofi mama anayesuka ndiye mwenye kujua majina ya mitindo. Wasichana wetu wakisoma kitabu hiki watajua uchungu wa dawa. Ufundi wa msukaji hawataukuta humo.