Sifa za Bingwa na Hekima ya Kung'atuka

Kusifu ni kazi ya kale ya washairi wetu. Ngomani, harusini na mashambani, mwenye nguvu hakukosa mtu wa kumwimbia. Huku kwetu Handeni na Korogwe hali ni hiyo hiyo: manju humtaja mkulima hodari kwa jina, na kijana aliyeshinda ngumi Jumamosi huamka Jumapili amekwisha tungiwa wimbo. Sina ugomvi na desturi hiyo, kwani taifa lisilosifu watu wake hukosa watu wa kusifiwa. Walakini ipo kasoro moja katika sanaa yetu ya sifa, nayo ndiyo shabaha ya makala haya: twajua kumpandisha bingwa, lakini hatujui kumteremsha kwa heshima.

Tutazame mfano unaojulikana na dunia nzima. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane na kuurudisha ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Watu wa Kinshasa walimshangilia kwa Kilingala wakisema, «Ali, boma ye», yaani, Ali, muue. Ali alikuwa na umri wa miaka 32, na sifa zile zilimstahili. Lakini sifa haina saa. Iliendelea kuvuma masikioni mwake hata mikono ilipokuwa imechoka. Mwaka 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alimshauri aache ngumi. Aliposhindwa kusikilizwa, daktari akaondoka.

Mwezi wa Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ilikwenda Moscow. Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, Ali aliyekwisha kutangaza kustaafu alipanda tena ulingoni, huko Las Vegas, kupigana na Larry Holmes. Alikuwa na miaka 38. Hakushinda hata raundi moja. Baada ya raundi ya kumi mkufunzi wake, Angelo Dundee, alilisimamisha pambano. Hata hivyo Ali alirudi mara moja zaidi, Desemba 1981, akashindwa kwa pointi na Trevor Berbick. Mwaka 1984 ikathibitishwa kuwa ana ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Waganga wanabishana juu ya sehemu ya ngumi katika ugonjwa ule; lakini hakuna abishaye kwamba mapigo ya miaka ile ya mwisho hayakumfaa kitu.

Aghalabu lawama ya mambo haya hutupiwa fedha na wenye kuandaa mapambano. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sisi wenye kalamu nasi tumo. Miaka mingi iliyopita, hapa Korogwe, alikuwako bondia mmoja mfanyakazi wa shamba la mkonge. Umri ulikuwa umempita, na alikuwa amepumzika msimu mzima. Siku moja alinijia kuniuliza kama arudi ulingoni. Nami, badala ya kumpa shauri, nilimpa shairi. Nilimwita simba, nikamwita radi. Alirudi, akapigwa na kijana ambaye zamani angemchezea kama mtoto. Vina vyangu vilikuwa kamili na mizani ilitimia. Kilichopungua ni ukweli.

Mtu aweza kunijibu: mbona Foreman yule yule alirudi, akautwaa ubingwa mwaka 1994 akiwa na miaka 45? Jibu ni kwamba Foreman alikuwa amekaa nje ya ulingo miaka kumi, tangu 1977 hadi 1987. Tena, mmoja akivuka mto kwa gogo, gogo hilo haliwi daraja la wote. Ushairi unaomsimulia aliyevuka peke yake, ukawanyamazia waliozama, ni ushairi wa nusu.

Fasihi yetu wenyewe ilikwisha kuligusa jambo hili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa akiisha kuchomwa sindano ya shaba hupiga goti karibu na kisima, ameshika upinde na mshale, akafa hali hiyo. Watu wa mji wanaogopa kumkaribia, na maji hayatekwi. Hilo ndilo tendo la sifa isiyokoma: humsimamisha shujaa ilhali nguvu zimekwisha, na hakuna athubutuye kusogea kumtazama usoni. Hata hapo ni mama yake aliyeombwa aende kumsihi. Bingwa wa leo naye anamhitaji mtu wa namna hiyo, ampendaye kuliko aipendavyo sifa yake.

Neno la kumwambia tunalo. Mwalimu Nyerere alipouachia urais mwaka 1985 alilitia katika Kiswahili neno la Kizanaki, kung'atuka, lenye maana ya kuondoka kwa hiari na kuwapisha wengine. Sisi watumishi wa umma twawekewa sheria: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Bondia hana kinga kama hiyo kwa mshairi wake wala kwa washangiliaji. Kwa hiyo yafaa tumwekee katika utamaduni.

Nawaomba walimu wawape wanafunzi kazi hii: watunge shairi la kumsifu bingwa siku anayovua glovu, si siku anayozivaa. Wataona ni vigumu zaidi, na kwa sababu hiyo litawafundisha zaidi. Wenyeji wa Korogwe wanaujua mkonge: hukatwa majani miaka mingi, mwisho huchomoza mlingoti mrefu wa maua, kisha hufa. Mkulima mwenye akili auonapo mlingoti huo haushangilii tu. Huanza kuandaa miche. Nasi tukimwona bingwa wetu kileleni, tuanze kumwandalia njia ya kushukia.