Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, hakistahili kushika vumbi katika maktaba ya shule. Mwenyewe, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ndiye asimuliaye, na Kiswahili chake ni cha mkato, chenda upesi kama msafara. Safari, vita, biashara ya pembe, na kukutana kwake na Stanley mwaka 1876, yote yamo.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Pembe twahesabiwa kwa frasila. Waliotekwa twawaona wakipita, wala hawapewi nafasi ya kusema. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kitabu, na haiponi kwa kukisoma mara mbili.

Basi mwanafunzi na asome kalamu mkononi, aandike mahali, mwaka na jina la msemaji. Kisha ateremshe rafuni kitabu cha Stanley, ambaye naye alivutia kwake, na historia ya Kongo, avilinganishe. Penye hitilafu ndipo utafiti uanzapo. Maktaba yenye kitabu kimoja tu juu ya jambo humpa msomaji mdai bila mdaiwa. Naye atahukumuje kwa haki?