Mchoro wa Nguo Si Picha ya Nguo

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Siku hizi wateja wake hawaji na maelezo, wanakuja na simu. "Nataka hii," wanamwambia, wakimwonyesha picha ya mwanamke wa Lagos aliyeenda harusi ya watu, kiuno cha nyigu, gauni linameremeta. Shangazi huikuza ile picha kwa vidole viwili, huitazama, kisha hurudisha simu na kuchukua bahasha kuukuu au risiti ya stima. Anaigeuza, anachora mabega. Anachora kiuno, lakini si cha yule wa Lagos, ni cha huyu aliyesimama mbele yake. Mkunjo mmoja nyongani, pindo, basi. Hakuna kichwa, hakuna mikono. Mteja anaangalia karatasi anasema, "Eeh, hiyo hiyo."

Nimeiona hii kitu mara nyingi tangu utotoni na sikuwahi kuona ajabu yake. Ajabu ilinijia nilipoanza kufuata wachoraji wa mitindo kwenye simu, wale wanaochora nguo za Paris na Milan kwa wino na rangi za maji. Nikawa najiuliza: kila mtu ana kamera mfukoni, kwa nini mtu bado anachora gauni? Na mbona mingine ya hiyo michoro inanifanya nisimame, ilhali mingi naipita kama matangazo ya bima?

Zamani swali hili lisingekuwepo. Majarida ya mitindo yalikuwa shamba la wachoraji. Vogue ya Marekani ilitoa jalada lake la kwanza la picha ya rangi Julai 1932, kazi ya Edward Steichen, na kuanzia hapo kamera ikaanza kula kazi ya kalamu polepole. Waliobaki walibaki kwa sababu walikuwa na kitu ambacho kamera haina. René Gruau, aliyezaliwa Rimini mwaka 1909 na kuishi hadi 2004, alichora matangazo ya manukato ya Dior kwa mstari mweusi mnene, nyekundu hapa na pale, na karatasi nyeupe tupu. Ile sehemu tupu ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Macho yako yanamalizia bega ambalo yeye hakulichora, na ukishalimalizia wewe, hilo bega ni lako.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia sasa, na nakiri nilikitoa kwa shangazi kabla ya kukitoa kwa Gruau: namwangalia mchoraji ameacha nini, halafu naangalia kama ana sababu ya kukiacha.

Tuanze na David Downton, kwa sababu ndiye jina ambalo wengi watakutajia. Ni Mwingereza, amezaliwa 1959, na mwaka 1996 gazeti la Financial Times lilimtuma Paris akachore maonyesho ya mitindo. Hakurudi nyuma tena. Mwaka 2009 Vogue ya Australia ilipotimiza miaka 50, yeye ndiye aliyemchora Cate Blanchett kwa ajili ya jalada. Mstari wake unaonekana kama umepita karatasini mara moja tu, kama mtu aliyetia sahihi. Kumbe huwa anachora na kurudia, anachora na kurudia, kila mara anapunguza, mpaka ibaki mistari michache isiyoweza kupunguzwa tena. Hiyo ni kazi ngumu inayofichwa ionekane rahisi, na mimi nampa heshima zake.

Lakini tuseme ukweli. Ukiangalia michoro kumi ya Downton mfululizo, ya kumi inaanza kukuchosha. Kila mwanamke anatoka na kidevu kilekile cha juu, macho yaleyale yanayokutazama kutoka mbali. Wengi ni watu mashuhuri, warembo kabla hajagusa wino. Anachoacha ni kasoro. Anafuta uchovu, anafuta umri, anafuta ile sura mtu anayokuwa nayo akisubiri gari. Mchoro unakuwa wa adabu sana, kama mgeni asiyetaka kumaliza chai yenu.

Mats Gustafson ananipeleka mahali pengine kabisa. Ni Msweden, amezaliwa 1951, na kazi yake inayojulikana zaidi ni ya rangi za maji, ikiwemo ile aliyoifanyia Dior. Yeye mara nyingi anaacha uso. Koti linakuwa doa moja kubwa la rangi iliyotulia, zito katikati, na kwenye kingo limefifia pale maji yalipokauka. Huoni kifungo. Huoni mshono. Lakini unajua kama kitambaa ni kizito au chepesi, kwa sababu rangi yenyewe imeanguka karatasini jinsi nguo inavyoanguka mwilini. Kamera ingekuonyesha kila uzi na bado usijue uzito. Kwa hili simwoni anayemshinda.

Hata hivyo, nimewahi kukaa na michoro ya Gustafson jioni nzima nikajiuliza: angechoraje kanga? Lugha yake yote ni ya mkato na mwanguko, nguo iliyoshonwa na fundi mkubwa ikasimama yenyewe. Kanga haina mkato. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, ina jina lililoandikwa, na maisha yake yote yanatoka kwa aliyeivaa: ameifunga kifuani au kiunoni, amejitanda kichwani, amembebea mtoto, na lile jina amelielekeza kwa nani. Ukiipaka doa moja la rangi umeiua. Ukiichora kila ua na kila herufi umechora kitambaa, hujachora vazi. Simlaumu Gustafson, hakuna aliyemwagiza kanga. Ninachosema ni kwamba mtindo wa mchoraji ni jibu la nguo fulani. Ukiubeba ukaenda nao kwa nguo nyingine bila kufikiri, unabaki pozi tu.

Mtu aliyelielewa hili kuliko wote si wa leo. Ni Antonio Lopez. Nitamtaja kwa sababu wachoraji wengi wa leo wanakunywa kisimani kwake, wengine bila kujua. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1943, akakulia New York, akafanya kazi maisha yake yote na mwenzake Juan Ramos, akafa mwaka 1987 kutokana na UKIMWI. Alikuwa anabadilisha mtindo kama watu wanavyobadilisha viatu: leo penseli laini, kesho rangi kali za katuni, keshokutwa maumbo kama ya mashine. Ukimtafuta kwa "mtindo wake" utampoteza. Utamjua kwa miili. Aliwachora Pat Cleveland na Grace Jones wakati kurasa za mitindo zilikuwa karibu zote za Wazungu, na hakuwachora kama mapambo ya kigeni. Kwenye karatasi yake mwili mweusi unacheka, una jasho la disko, unachukua nafasi. Gauni linalazimika kumfuata mtu. Hapo ndipo anapomshinda Downton, ingawa mkono wa Downton ni msafi zaidi.

Kati ya walio hai, anayenikumbusha hilo ni Richard Haines. Mmarekani huyu alikuwa mbunifu wa mavazi kwa miaka mingi, na alianza kuweka michoro yake mtandaoni mwaka 2008, uchumi ulipoporomoka na kazi zikawa adimu. Alikuwa anachora wapita njia wa New York: kijana na suruali iliyomzidi, mzee na kofia, msee amebeba baiskeli. Penseli yake inasitasita. Mguu mmoja anaumaliza, wa pili anauacha hewani kwa sababu yule mtu ameshavuka barabara. Prada waliona, wakamwita, lakini hata akichora nguo za maonyesho bado anachora kama mtu aliyeko kwenye stage, akijua gari litakuja na kumchukua anayemtazama. Anachoacha, anakiacha kwa sababu muda uliisha. Hiyo sababu naikubali.

Halafu kuna Gucci, na hapa mambo yanaingiliana na pesa. Helen Downie, anayejiita Unskilled Worker, alianza kuchora akikaribia miaka 50, bila shule ya sanaa, akaweka kazi zake Instagram, na Gucci wakamfuata. Watu wake wana macho makubwa kupita kiasi, vichwa vizito, ngozi kama ya wanasesere. Nilipowaona mara ya kwanza sikuwapenda. Nikarudi. Yale macho yanavunja sheria kubwa ya kazi hii, kwamba mtu lazima aonekane anaimiliki nguo aliyoivaa. Watu wa Downie wanakaa kama watoto waliovalishwa kwa ajili ya picha ya familia, nguo ni ya bei, wao wana wasiwasi. Nani hajawahi kujisikia hivyo ndani ya suti ya kuazima?

Ignasi Monreal, Mhispania, aliichorea Gucci kampeni nzima ya majira ya kuchipua ya 2018 kwa njia ya dijitali, akizivalisha nguo zao picha za kale za Ulaya. Ni kazi ya mtu mwerevu na mkono unaoweza kila kitu. Lakini hakuacha chochote. Kila kona imejazwa, kila kitambaa kinang'aa, na ukishakitambua chanzo cha utani, umemaliza. Niliufurahia kama meme nzuri, kesho yake nikausahau.

Januari 2020 Vogue Italia ilitoa toleo ambalo wengi wetu tulilisambaza kwenye magrupu: hawakupiga picha mpya za mitindo, waliwapa wasanii wachore, sababu kubwa ikiwa mazingira, yaani zile ndege, magari na vifurushi vinavyosafirishwa kwa ajili ya picha chache. Mmoja wa waliochora majalada alikuwa Cassi Namoda, mzaliwa wa Maputo, ambaye kazi zake zimejaa watu na maisha ya Msumbiji. Nilifurahi, sitaficha. Kumwona mchoraji wa pwani yetu hii ya mashariki, hata kama ni kusini kidogo, kwenye jalada kama lile si jambo dogo. Lakini mwezi uliofuata kamera zikarudi kazini. Mchoro uliitwa kama shemeji anayeitwa siku ya shughuli tu, akasaidia kubeba viti, akaambiwa asante.

Na hapa ndipo hoja inapotugusa sisi. Nairobi kuna vijana wengi wanaochora nguo vizuri sana, na naona wengi wamejifunza kutoka kitabu kimoja. Katika mafunzo ya mitindo, mwili huchorwa urefu wa vichwa tisa hivi, wakati mtu mzima wa kawaida ana kama saba na nusu. Sehemu kubwa ya kile kichwa na nusu cha ziada inaenda miguuni. Sawa, ni kanuni ya kazi, nguo inapata mahali pa kuanguka. Lakini ukichora hivyo miaka mitano, unaanza kuamini kwamba mwanamke wa Biashara Street aliyenunua kitenge chake ni mchoro uliokosewa. Nimeona ukurasa mmoja wenye michoro thelathini ya vitenge na hakuna hata kiuno kimoja ambacho shangazi yangu amewahi kukipima.

Sasa programu za akili unde zinaweza kukutolea michoro mia ya aina hiyo kabla chai haijapoa, rangi za maji zikitiririka vizuri, shingo ndefu. Marafiki zangu wachoraji wana hofu, na ni haki yao, kodi hailipwi kwa nadharia. Ila nadhani kilicho hatarini zaidi ni ile kazi ambayo tayari ilikuwa inafanana na kazi ya kila mtu. Ile programu haijasimama mbele ya mtu. Inaacha uso kwa sababu Gustafson aliacha uso. Inaacha mguu nje kwa sababu Haines aliuacha. Haina gari lililokuja.

Kwa hivyo nikiulizwa ninataka nini kwa wachoraji wetu, jibu langu ni dogo. Nichoreeni koti la mtumba la Gikomba jinsi linavyomkaa mtu ambaye halikushonewa yeye, mabega yamempita, mikono ameikunja mara mbili na bado amependeza. Nichoreeni mama aliyejifunga leso juu ya sketi ya ofisi. Tafuteni mstari wa hizo nguo, kwa sababu sidhani utapatikana Paris, na mkiupata kila mtu atajua ni wenu hata msipotia sahihi.

Wiki iliyopita nilimwomba shangazi anipe moja ya zile risiti zake. Alicheka, akaniuliza nataka takataka za nini. Hakuwa nayo. Huwa anazitupa nguo ikishaisha, kwa sababu mwenyewe ameshaivaa akaenda nayo.