Mafundi Pancha wa Barabara Kuu

Tairi kuukuu limesimikwa kando ya lami, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe. Kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea, malori ya Zambia na Kongo, mabasi na gari ndogo hupita hapo bila kusimama, mpaka siku tairi liishiwe upepo.

Fundi hakurupuki. Analegeza nati gari likiwa bado chini, maana likishainuliwa gurudumu huzunguka na spana. Anaweka jiwe kuzuia gurudumu jingine, ndipo anapiga jeki. Tairi linajazwa upepo, linazungushwa kwenye beseni la maji, naye anainama kutafuta mapovu. Msumari huonekana upesi. Kinachotesa ni kitundu kinachotoa povu moja, kikatulia, kikatoa jingine, na hapo habandui macho. Akikipata anakikwangua, anasukuma utambi wenye gundi, kisha anarudisha tairi majini kuhakikisha. Ubavu ukiwa umechanika anakataa kuziba, hata kama hajapata mteja tangu asubuhi. Kwa hilo namheshimu sana.

Tairi la lori ni hatari nyingine. Rimu zenye pete ya chuma zisipokaa sawasawa, pete huweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Mafundi wengi hawana kizimba cha kujikinga.

Akisharudisha gurudumu, fundi anazikaza nati kwa kukingamanisha, kidogo kidogo, na kukuagiza uzikaze tena ukishatembea kidogo. Halafu anaomba aione spea, aipime upepo.