Ufunguo wa Kabati Uko kwa Nani?

Kila mwaka masomo yakifunguliwa tunaona picha zile zile kwenye simu zetu. Vijana waliomaliza universite wamerudi kwenye shule walikosomea, wamevaa triko za rangi moja, wanafunzi wamewazunguka. Chini yake wameandika: "Tunajitolea kwa ajili ya wadogo zetu." Leo nataka kukosoa picha ile. Naanza na yangu, juu mimi pia nimo, tena mstari wa mbele.

Nilimaliza universite hapa Bukavu, nikakaa bila kazi kama wengi wetu. Nikaenda kwa prefe wa shule nilikosoma humanité, nikamwambia nataka kusaidia bila malipo. Alifurahi. Alinionyesha kabati moja ya vitabu vilivyojaa vumbi, akanipa wanafunzi kama 20 waliopenda kusoma. Tukaanzisha klabu. Kila siku ya tatu mchana nilifungua kabati, nikagawa vitabu, nikaandika majina kwenye daftari, nikafunga, nikaweka ufunguo mfukoni. Hata mada za mabishano nilichagua mimi. Walikuwa wananiita Mwalimu, na jina lile lilinipendeza sana.

Binti mmoja wa mwaka wa tano aliniomba mara mbili: "Mwalimu, unifundishe kushika ile daftari." Mara zote mbili nilimjibu: "Ngoja kwanza, vitabu vitapotea."

Mwaka uliofuata nikapata kazi Uvira. Prefe akaniandikia cheti kizuri, tukapiga picha, nikaondoka. Ufunguo ulibaki ndani ya sakoshi yangu. Sikufanya makusudi, nilisahau tu. Ilipita karibu trimestri nzima, ndipo yule binti akanitumia ujumbe: "Mwalimu, njo ulienda na ufunguo? Tuko tunatafuta vitabu vya disertasyo. Prefe amesema tukungoje." Wakati ule alikuwa mwaka wa sita, na Mtihani wa Serikali ulikuwa unakaribia. Nilitafuta mtu wa kuupeleka. Ulifika Bukavu siku mbili baada ya wao kuandika disertasyo.

Alifaulu. Kuko watu wananipongeza juu yake, eti ni matunda ya klabu yangu. Sina uso wa kupokea pongezi ile.

Sasa nikiangalia klabu nyingi tunazoanzisha, naona kosa langu ndani yake. Tunasema tunajenga uwezo wa wadogo zetu, lakini kila kitu kinapita mikononi mwetu: mikrofoni, daftari, feza ya mchango, ufunguo. Mwanafunzi anabaki mtu wa kupiga makofi. Siku mkubwa akipata kazi, klabu inakufa. Kisha anakuja mwingine na triko mpya, anaianzisha tena kama vile haikuwahi kuwepo.

Na hatuna haki ya kusema watoto hawawezi. Mwaka 1907, Baden-Powell alipokusanya vijana kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwagawa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kiliongozwa na kijana mwenzao. Skauti wanafuata njia ile mpaka leo. Na hapa kwetu, nani kati yetu hakumwona mtoto wa Xaveri au wa Kiro wa miaka 14 akiongoza wadogo, akihesabu majina, akirudisha kila mmoja nyumbani? Mtoto yule yule, akiingia kwenye klabu yetu ya shule, tunamwambia angoje.

Kuko jambo lingine la kusema wazi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimekuwa za bure, lakini kwenye humanité wazazi wanaendelea kulipa, pamoja na primu ya walimu. Walimu wengi wanafundisha miaka bila mshahara wa serikali. Kwa hiyo kijana wa kujitolea akifika, ni rahisi shule imgeuze mwalimu wa bure. Na mwanafunzi aliyefukuzwa juu ya feza ya masomo anakosa klabu pia, hata kama sisi tunasema klabu ni ya wote. Katika mwaka wangu wote sikuuliza hata mara moja kwa nini majina fulani hayakurudi kwenye daftari. Niliyafuta tu.

Tena tusichanganye kujitolea na salongo. Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa kazi ya lazima, hata kama iliitwa kazi ya kujenga nchi. Mwanafunzi anayepewa fagio akiambiwa "klabu ya usafi", na asipokuja anapunguziwa pointi, yule hajajitolea. Ametumwa. Na angalia vizuri nani anashika fagio na nani anashika mikrofoni: mara nyingi wasichana wako upande wa fagio.

Sisemi tuache kwenda. Shule zetu zinatuhitaji, na sisi pia tunajifunza kule. Lakini cheti kile tunachoweka kwenye CV kinatakiwa kiwe na maana. Mimi ningependa prefe asimwandikie mtu cheti mpaka wanafunzi waendeshe mkutano mmoja bila yeye: wao wafungue kabati, wao waandike majina, wao wagombane juu ya mada na wapatane. Kitabu kimoja kikipotea, kipotee. Vitabu vyangu havikupotea hata kimoja, na kwa trimestri nzima hakuna aliyevisoma.

Binti yule sasa yuko universite. Juzi aliniandikia kwamba anataka kurudi kusaidia kwenye shule ile. Nilimwambia kitu kimoja tu: siku ya kwanza, kabla ya picha, achonge funguo mbili, na zote mbili zibaki kwa wanafunzi.

Na wewe unayesoma hapa: pale ulipojitolea, ufunguo uko kwa nani sasa?