Zau mbele ya wahakiki: alama moja, vipimo viwili

Kijana anamwita mungu wa kifo na kumdai amrudishie baba yake. Mungu huyo, Kalunga, anakubali kwa sharti moja: aletewe roho tatu kubwa zilizogoma kuondoka duniani. Hapo ndipo inapoanza safari ya Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa video uliotoka tarehe 23 Aprili 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series X na S, Nintendo Switch na kompyuta. Kwa wachezaji wa Niboye, katika wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, kulikuwa na sababu ya ziada ya kuusubiri. Mazungumzo yake yanaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, lugha ambayo bunge la Rwanda liliipitisha kuwa rasmi mwaka 2017. Mchapishaji wake ni Electronic Arts, na ni nadra kampuni za ukubwa huo kukipa Kiswahili nafasi kwenye menyu ya sauti.

Mapitio ya mwanzo yalipojumlishwa kwenye tovuti ya Metacritic, wastani wake ulizunguka 75 juu ya 100. Alama ya namna hiyo humfanya mnunuzi asite: si mbaya, lakini haimsukumi atoe pesa. Ukiyasoma mapitio yenyewe unakuta jambo la kushangaza. Waliousifu na walioulaumu waliona vitu vilevile. Kilichowatenganisha ni uzito waliovipa.

Mwanzilishi wa Surgent Studios, iliyoutengeneza mchezo huu, ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wachezaji walikwisha kuijua sauti yake: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake, ambaye ndiye aliyemfungulia mlango wa michezo ya video, alifariki mwaka 2013. Desemba 2023, kwenye jukwaa la tuzo za michezo ya video, The Game Awards, Salim alisimama akautambulisha mchezo huu kama zao la msiba huo. Kwa hiyo wahakiki waliposhika pedi, tayari walijua wanacheza maombolezo ya mtu halisi.

Juu ya hadithi, sifa zilimiminika. Zuberi, kijana wa mji wa wakati ujao, anafungua kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na ndani yake anamkuta Zau, mganga kijana aliyefiwa kama yeye. Wahakiki walisifu uigizaji wa sauti, rangi za mandhari na muziki wa Nainita Desai. Wengi waliguswa na mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu hukaa akatafakari, na kutoka hapo uhai wake huongezeka. Ni wazo la kiufundi lenye akili: mchezaji haambiwi kwamba kusema uchungu wako kunaponya, bali anaona mstari wa uhai ukirefuka.

Lawama zilianzia kwenye mapigano. Zau ana vinyago viwili. Kinyago cha jua ni cha moto na vita vya karibu. Cha mwezi hurusha mashambulizi kutoka mbali. Kitufe kimoja tu hubadilisha kimoja kwa kingine, na mchezaji akishazoea, mapigano yanageuka ngoma. Baadhi ya maadui hujikinga kwa ngao zenye rangi, na kila rangi huvunjwa na kinyago chake. Shida ni kwamba aina za maadui ni chache. Kufikia nusu ya safari mchezaji ameshakutana na karibu wote, na kinachobaki ni kuongeza idadi yao uwanjani. Nguvu zinazonunuliwa njiani nazo, kwa maoni ya wahakiki wengi, huongeza kidogo tu juu ya kile kilichokuwapo.

Lawama ya pili ilihusu ramani, na hapa ndipo penye kiini cha mgawanyiko.

Mchezo huu ni wa aina inayoitwa metroidvania, jina lililounganishwa kutoka Metroid ya mwaka 1986 na Castlevania. Kanuni ya aina hiyo ni kurudi nyuma. Mchezaji huona mlango asioweza kuufungua, huenda kutafuta uwezo mpya, kisha hurudi. Ndiyo maana wabunifu wengi humnyima shujaa wao hata kuruka mara mbili hewani, ili uwezo huo uwe zawadi baadaye. Surgent walifanya kinyume. Zau anaruka mara mbili na kuchomoka kwa kasi tangu mwanzo kabisa. Faida yake ilionekana mara moja, kwani karibu kila mhakiki alisema kukimbia na kuruka kunaleta raha. Gharama yake ilijitokeza baadaye: zawadi za kumshtua mchezaji zilipungua, na njia za kando hazikuwa na cha kutosha cha kumlipa aliyepotea makusudi.

Hata hivyo, hadithi ya kufiwa ina mpangilio wake. Hasira ya Zau lazima ije kabla ya kukubali kwake, na mazungumzo yake na Kalunga hayana maana yakichanganywa. Kwa hiyo njia iliyonyooka, ambayo mpenzi wa michezo ya aina hiyo kama Hollow Knight aliiona kama umaskini wa ramani, ndiyo iliyomwezesha mpenzi wa hadithi kuifuata simulizi pasipo kupotea. Uamuzi mmoja wa ubunifu uliandikwa pande zote mbili za daftari. Kalenda nayo haikusaidia: Januari 2024 Ubisoft ilikuwa imetoa Prince of Persia: The Lost Crown, mchezo wa aina hiyohiyo, mkubwa zaidi na wenye ramani pana, na ulinganisho haukukwepeka.

Yapo malalamiko ambayo hadithi haiwezi kuyatetea. Kuna sehemu za kukimbizwa ambapo kosa dogo linamaanisha kufa papo hapo na kurudia kipande kirefu. Huo ni udhaifu wa vituo vya kuanzia upya, na wahakiki walifanya haki kuutaja.

Kuna jambo ambalo wastani wa Metacritic hauna namna ya kulionyesha. Mwenye Kiswahili anayeuweka mchezo katika sauti hiyo haachi macho yahangaike kati ya maandishi ya chini na adui anayeruka. Katika mchezo wa kasi, hilo ni tofauti ya kiufundi: maneno ya Kalunga yanaingia masikioni huku macho yakibaki kwenye ukingo wa mwamba. Kwa mchezaji wa Niboye au Mombasa, sehemu iliyosifiwa zaidi, yaani hadithi, inaongezeka uzito, na mizani ya mapitio inahama.

Hukumu za baadaye zilithibitisha kwamba vipimo vilikuwa viwili. Aprili 2025, BAFTA iliupa mchezo huu tuzo katika kundi linalotambua michezo yenye mchango unaovuka burudani, ambako wingi wa maadui hauhesabiwi. Sokoni mambo yalikuwa magumu: mwaka 2024 studio ilipunguza wafanyakazi, na Oktoba ikaiweka timu yake ya michezo kwenye notisi huku ikitafuta mfadhili wa kazi iliyoitwa Project Uso, katika ulimwengu uleule wa Kenzera. Mapitio ya Aprili 2024 yanatosha kuwa orodha ya kazi kwa yeyote atakayeurudia ulimwengu huo: maadui wa aina nyingi, vituo vya karibu, njia za kando zenye malipo, na sauti za Kiswahili zilizobaki mahali pake.