Neno lililosemwa mbele ya watu: tukitazama filamu «Maman Colonelle»

Mwaka 2017 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa filamu yake «Maman Colonelle». Hakuna mchezo wa kuigiza ndani yake. Kamera inamfuata Kolonel Honorine Munyole, wa kikosi cha polisi kinacholinda watoto na kupambana na ubakaji, anapohamishwa kutoka Bukavu na kufika Kisangani. Pale anakuta makundi mawili ya watu ambao mji ulikuwa umewasahau. Kundi la kwanza ni wanawake walioumizwa wakati wa Vita vya Siku Sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji. Kundi la pili ni watoto walioitwa ndoki.

Wengi wanaoitazama filamu hii wanasifu ushujaa wa kolonel, na wana haki. Lakini sisi tunaoandika juu ya desturi tuna ulizo lingine: mtoto akiisha kutolewa mikononi mwa watesaji wake, nani anamponya moyo?

Tunajua mambo haya yanavyoanza. Papa amepoteza kazi, ao mtu amekufa katika jamaa. Wakubwa wanakutana, na macho yanamwangukia mtoto fulani: mara nyingi ni yatima, ao mtoto wa ndoa ya kwanza anayekaa kwa mama wa kambo. «Huyu ndiye anafunga bahati yetu.» Neno hilo moja linatosha. Wadogo zake wanakatazwa kula naye, na jirani wanawaita watoto wao waingie ndani. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula, anaulizwa usiku na mchana. Mwisho anakubali: «Ndiyo, ni mimi.» Anakubali ili wamwache apumzike. Na akiisha kulisema mara nyingi, yeye mwenyewe anaanza kuliamini. Hapo ndipo kidonda chenyewe kiko. Fimbo inaacha alama mgongoni, lakini neno linakaa ndani na kumwambia kila asubuhi kwamba yeye ni mubaya.

Watu watasema: «Ni desturi yetu.» Hapana. Wazee walikuwa na hofu ya uchawi, hatukatai, lakini kuwashitaki watoto namna hii kulienea katika miji yetu hasa miaka ya 1990, wakati wa njaa, vita na makanisa mapya ya uamsho. Tusiwabebeshe mababu mzigo ambao ni wetu.

Sheria nayo imesema wazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka mashitaka ya uchawi pamoja na mateso ya akili na ya moyo, na azabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Maana yake, sheria imekubali kwamba neno linaweza kuwa mateso. Lakini sheria inamwazibu aliyesema. Haimtibu aliyesikia.

Filamu inatuonyesha hatua ya kwanza: kumtoa mtoto, kumpa pa kulala, kumweka karibu na watu wazima wasiomwogopa. Bila hatua hiyo hakuna dawa itakayofanya kazi. Tiba inayofuata ni ya polepole, haijazi macho katika sinema. Ni mtu mmoja aliyejifunza kazi hiyo, anayekutana na mtoto mara kwa mara, anatunza siri, anamwacha achore, acheze, anyamaze. Hamlazimishi kusimulia. Siku mtoto atakapopata maneno yake mwenyewe, ataanza kutofautisha lile alilofanya na lile alilofanyiwa. Chuo Kikuu cha Kisangani kina fakilte ya saikolojia tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo tusiseme tena kwamba ni mambo ya wazungu. Ni watoto wetu wanaoyasoma.

Hata hivyo, chumba kilichofungwa hakitoshi peke yake. Neno lilisemwa mbele ya watu, ni lazima lifutwe mbele ya watu. Hapo desturi ina kazi ambayo mganga wa moyo hawezi kuifanya: kikao cha jamaa. Yule yule mjomba aliyesema «huyu ni ndoki» asimame mbele ya wale wale waliomsikia, aseme: «Nilisema uongo. Mtoto huyu hana kosa.»

Lakini kikao chetu kina ugonjwa wake. Kinapenda amani ya haraka. Mtoto anaitwa mwisho, anaambiwa: «Omba papa yako musamaha, iishe.» Hiyo si tiba, ni kumpiga mara ya pili. Utaratibu ugeuzwe: kwanza mtoto asikilizwe peke yake mpaka apate nguvu, kisha wakubwa wakutane. Na kama jamaa inakataa kufuta neno lake, mtoto asirudishwe kwake, hata wazee wakikasirika.

Sisi wa Basoko, hapa Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa, tuko mbali na Kisangani kwa maji, na safari ni pesa. Lakini mwalimu, muuguzi, katekista ao shangazi anaweza kuanza leo: amwite mtoto kwa jina lake, ale naye katika sahani moja mbele ya jirani, asimuulize juu ya uchawi. Na anayetafuta msaada aangalie jambo moja kwa yule anayejiita mponyaji: akianza kwa kumwombea mtoto ndoki imtoke, amekwisha kulirudia lile neno. Mtoe mtoto hapo, mtafute mwingine.